Direktrisi ni mama pia: yale nimejifunza kwa kuongoza shule hapa Bukavu

Wamama walimu wananiulizaka sana hii swali, hasa wale wanasikia jina yao inatajwa kwa udirektrisi, ni kusema kuwa mwalimu mkuu wa shule: mama, unafanyaje na watoto? Wanaume hawaulizwake. Mimi niko direktrisi wa shule ya msingi ya kanisa hapa Bukavu tangu 2017, kabla ya hapo nilifundisha klasi ya tano na ya sita kwa miaka mingi, niko na watoto wanne na wa mwisho nilimzaa nikiwa tayari mu hii kazi. Kila mara najibu haraka haraka pale barabarani, ao sokoni Kadutu na mfuko mkononi, na jibu ya haraka haisaidie mtu, kwa hiyo leo nataka nijibu vizuri.

Watu wengi wanafikiri shida ni wakati. Eti mama akijipanga vizuri, akilala saa nne, akiamka saa kumi, atafika. Mimi siamini ile. Nimeamka saa kumi miaka na miaka na kazi bado inabaki. Shida ni kwamba kiti cha kuongoza shule kilitengenezwa kwa mtu mwenye kuwa na bibi, ni kusema mke, nyumbani. Angalia tu namna direkta mwanaume anaishi, anaamka anakuta maji ya kuoga iko, chai iko, shati imepigwa pasi, mkutano ikiitishwa ku sudivizio, biro ya serikali ya kusimamia shule, saa nane mchana anaenda bila kuuliza mtu, ikiisha jioni anarudi anakuta chakula na watoto wameshaoga. Simlaumu, ndo namna alikuta. Lakini sisi tunaingia mu kile kiti na yule bibi wa nyumbani hatuna, juu yule bibi ni sisi. Ukishaelewa hii utaacha kujiona mzembe, utaanza kutafuta ni wapi pa kubadilisha mambo, nyumbani na ku shule vyote viwili.

Siku ya kupewa barua ya kuwa direktrisi kulikuwa mtu mmoja wa biro, mzee wa heshima, akaniuliza kama bwana yangu amekubali na kama nimeleta karatasi yake. Nilimjibu polepole: papa, ile sheria imebadilika. Na ni kweli. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987, kifungu cha 448, ndo ilikuwa inasema mwanamke mwenye kuolewa aombe ruhusa ya bwana yake mbele ya kujifunga kwa kazi ao mkataba wa kutumika yeye mwenyewe. Tarehe 15 Julai 2016 wakaibadilisha kwa sheria namba 16/008, na sasa kifungu hicho kinasema mume na mke wasikilizane, wote wawili, hata mume akitaka kujifunga kwa jambo lake. Mzee alinyamaza kidogo kisha akasema basi sawa mama, tia sinyatire hapa. Naandika hii juu najua kuko wamama mpaka leo wanaulizwa ile karatasi, na wanarudi nyumbani kuitafuta. Hakuna karatasi ya kutafuta. Jua sheria, uiseme bila hasira, uendelee.

Lakini kusikilizana na bwana, hiyo mimi nilifanya, na si juu ya sheria. Bwana yangu ni infirmiye, ni kusema nesi, anafanyaka gardi, zamu za usiku, na ile usiku tuliketi jikoni tukaandika ku kikaratasi nani anafanya nini: nani anapeleka watoto ku shule, nani anabaki na mwenye homa, nani anapigiwa simu wa kwanza kama kuko shida. Tulibandika ile karatasi ku mlango wa jikoni. Inaonekana kitu kidogo, lakini wababa wengi wanasemaka "nitakusaidia", na kusaidia maana yake kazi inabaki yako, yeye anatia mkono akipenda. Karatasi iliondoa ile neno ya kusaidia. Siku ya gardi yake ya usiku, asubuhi yeye ndo anarudi na kubaki na mdogo mpaka saa tano, kisha analala. Majirani walicheka walipomuona anashuka na mtoto mgongoni amefungwa kitenge, na shangazi yake mmoja alikuja mpaka nyumbani kuniambia nimemloga. Bwana yangu alimjibu mwenyewe: shangazi, huyu mtoto ni wangu. Ile maneno ilimaliza kesi mu familia nzima.

Sasa nije ku shule, juu hapo ndo nataka nikae kidogo.

Kwa shule zetu kila kitu inapita kwa kashe, ule muhuri wa shule. Buletini, atestasio ya mtoto anayehamia Uvira, liste ya walimu ya kupeleka ku biro ya mishahara ya serikali, barua ya kuomba choki, vyote bila kashe ni karatasi tu. Na desturi ni kwamba kashe inakaa na direkta, mu sakosi yake, usiku na mchana. Niliikuta hivyo. Mu sakosi yangu mlikuwa kashe, wino yake, funguo ya biro, funguo ya depo ya vitabu, kisha vitambaa vya mtoto, chupa ya uji na termometri. Nikienda na mtoto ku santre ya afya juu ya malaria, shule inaenda pamoja na mimi. Telefoni inalia: mama, depo imefungwa na klasi ya tatu haina choki. Inalia tena: mama, inspekta amefika anaomba kuona jurnali za klasi. Inalia tena: kuko mzazi anasafiri leo na mashua ya kwenda Goma, anataka karatasi ya mtoto. Na mtoto yangu pale mikononi anasubiri damu yake ipimwe, moto mwili mzima.

Nilifanya hivi. Nilimuita direkta msaidizi na walimu wawili wakubwa, tukanunua kaye ya kurasa mingi, tukachora mistari: tarehe, karatasi gani, nani aliiomba, nani alitia kashe, sinyatire. Nikaandika barua kwamba nisipokuwepo direkta msaidizi ndo anatia kashe, na kila jioni ao kesho yake mimi naangalia kaye. Funguo za depo zikaenda kwa mwalimu wa klasi ya sita. Nakala ya barua nikapeleka kwa wakubwa wetu wa kanisa na ku sudivizio, ili mtu asiseme niliificha. Wenzangu madirekta, hata wanawake, waliniambia ukitoa kashe umetoa kiti, atakupindua. Mpaka leo hakuna mwenye alinipindua, na hata tulipopata shida moja ya atestasio ya uongo iliyoletwa na mzazi, kaye ndo ilituokoa, juu tulionyesha mstari kwa mstari kwamba haikutoka kwetu. Wakati kashe ilikuwa mu sakosi peke yake hakuna mtu angeweza kuhakikisha kitu.

Kwa hiyo kama kuko kitu kimoja nitamwambia mama anayeingia mu kazi hii, ni hicho. Panga shule iweze kutembea siku mbili bila wewe. Hutakuwa umeacha kazi, utakuwa umeifanya. Shule inayosimama juu mtoto wa direktrisi ana homa ni shule mbaya, hata kama direktrisi ni hodari namna gani, na itasimama vilevile siku direkta mwanaume atavunjika mguu.

Kuhusu konje, likizo ya kuzaa. Sheria ya kazi ya 2002 (Code du travail) inatoa wiki 14 kwa mama, wiki 6 mbele ya kuzaa na 8 kisha, na mama anayenyonyesha ako na haki ya nusu saa mara mbili kwa siku. Walimu wa serikali wako na sheria yao, lakini ile nusu saa mbili kila mtu anaweza kuielewa. Shida ni kuitoa wapi. Mwalimu wa msingi ako peke yake na klasi, hawezi kutoka tu akaacha watoto. Niliporudi na wa mwisho, nilikuwa na biro na pazia, msichana aliyekuwa ananisaidia nyumbani alikuwa ananiletea mtoto saa ya rekreasio na tena mbele ya kufunga. Mwalimu wangu wa klasi ya pili aliyezaa mwezi ule ule hakuwa na biro. Alikuwa anakamua maziwa ndani ya choo ya walimu, amesimama. Nilimuona, na siwezi kueleza namna ile kitu iliniuma, juu sote wawili tulikuwa na matiti yanauma kwa saa moja na mimi niko na kiti na mlango wa kufunga.

Tukatoa vitu mu kile kachumba kando ya depo, vibanki vilivyovunjika na mabati, tukakiosha, tukaweka kiti chenye mgongo, ndoo ya maji na sabuni na kitanda kidogo alichotoa mama mmoja wa komite ya wazazi. Na tukapanga: mwalimu akienda kunyonyesha, direkta msaidizi ao mimi tunaingia mu klasi yake, tunafanya hesabu ya kichwa ao kusoma kwa sauti. Mimi nilipenda sana ile nusu saa, juu direktrisi asiyeingia tena mu klasi anasahau kazi ni nini. Walimu wanaume wengine walinung'unika kwamba tunapendelea wanawake. Niliwajibu mbele ya wote ku mkutano kwamba watoto wa wanawake ni watoto wa wanaume pia, na mmoja wao ambaye bibi yake anafundisha kwingine alikuja kuniomba barua ya kueleza namna tunafanya, ampelekee mkubwa wake.

Kisha ikaja gratuite, masomo ya bure. Katiba ya 2006 kifungu cha 43 inasema shule ya msingi ya serikali ni bure na ni lazima, na shule za kanisa kama yetu zinahesabiwa humo, lakini kwa kweli tulianza kuiona Septemba 2019. Kama mama nilifurahi, na sitaki mtu aseme vingine mbele yangu, juu niliona watoto wa miaka tisa na kumi wakiingia klasi ya kwanza, wameshika kaye kama kitu cha ajabu, watoto ambao wazazi walikuwa wanaita kila mwaka jina moja tu ya kwenda ku shule na hiyo jina ilikuwa ya mvulana. Kama direktrisi nilipata klasi ambazo watoto wanakaa wanne na watano ku banki moja, na walimu waliokuwa wanaishi kwa primi, pesa ambayo wazazi walikuwa wanalipa, wakabaki hewani, hasa wale ambao hawakuwa bado ku liste ya mshahara. Walimu waligoma sehemu nyingi ile mwaka. Na nyumbani kwangu mlango haukufungwa tena. Saa kumi na mbili asubuhi mzazi ako pale, saa mbili usiku mwingine ako pale, mama niandikie mtoto, mama usiniache, na mimi niko na mtoto kwenye titi na mwingine anataka nimueleze kugawanya kwa tarakimu mbili.

Nilisema hapana kwa hilo. Nyumbani kwangu hatuandikishe mtoto. Kila mzazi tunampokea ku shule, kila siku, mpaka saa nane mchana, kwa mstari, bila kujuana. Ilikuwa ngumu kuisema kwa watu tunasali nao pamoja, na najua wengine walienda wanasema mama direktrisi amejiinua. Mama mkwe yangu ndo alinisaidia. Alikuwa anakaa ku mlango na maharagi yake anachagua, mzazi akifika anamkaribisha, anamwambia kwa upole mama ako na watoto wake sasa, kesho saa moja na nusu utamkuta ku shule, kunywa maji uende. Mtu mzima akisema vile hakuna mtu anakasirika. Nasema hivi juu wengi wetu tunawaona wamama wakwe kama mzigo, na kuko kazi ambazo ni wao tu wanaweza.

Mtoto wako mwenyewe umuweke mu shule yako ao hapana? Hii wananiuliza pia. Mimi wa pili wangu alikuwa kwetu, na ni rahisi, mnatoka pamoja, mnarudi pamoja, hakuna motari ya kulipa. Lakini siku moja nilifungua kaye yake ya diktee ya Kifaransa, klasi ya nne, nikakuta pointi 9 kwa 10. Nikasoma. "Les enfant joue", bila s, bila nt. Mstari wa pili "il son parti", pahali pa "ils sont partis". Hakuna kalamu nyekundu imegusa. Mwalimu yake ni mtu mzuri, anapenda kazi, na kaye ya mtoto wa jirani yangu mu klasi hiyo hiyo ilikuwa nyekundu mwanzo mpaka mwisho, kama inavyotakiwa. Alikuwa ananiogopa, ndo hivyo tu. Na mtoto alikuwa anajua, nilimuuliza akaniambia "mwalimu ananipendaka". Mwaka uliofuata tulimuhamisha shule ingine huku Ibanda, ambako yeye ni mtoto kama wengine, na trimestri ya kwanza alileta pointi 4 akalia, na mimi nikafurahi juu sasa alikuwa na mahali pa kuanzia. Wengine wanaweza kuweka mtoto kwao na ikaenda vizuri, sijakataa. Lakini fungua kaye. Usiangalie buletini, fungua kaye.

Na sasa wasichana na maji. Mtu yeyote anayekaa Bukavu anajua hii maisha ya kuchota maji na bidoni. Ku shule yetu, asubuhi nasimama ku mlango mkubwa nikiwa na rejistri ya wachelewaji, na nimeona mwaka kwa mwaka kwamba wanaochelewa wengi ni wasichana wa klasi ya nne mpaka ya sita. Wanafika na mikono baridi, sketi ya bluu imelowa upande mmoja ambapo bidoni ilikuwa inagonga mguu, wanapumua kwa nguvu juu wamepanda mlima mbio. Huwezi kumpa adabu mtoto kama huyo. Mama yake ametoka usiku kwenda kuchukua bidhaa, mtoto ndo mama asubuhi hiyo, ameosha wadogo, amechota maji, kisha anakuja kufanya hesabu.

Kwa hiyo niliamua mapema sana, wakati mkubwa wangu, msichana, alikuwa bado na miaka minane, kwamba kazi yangu haitalipwa na yeye. Hii ndo hatari kubwa ya mama mwenye kazi kubwa, na haizungumzwe sana. Watu wanamsifu: mama direktrisi ako na msichana hodari, anapika, analea, anajua kila kitu. Ile sifa iogope. Kwetu wavulana wanachota maji, wanasonga fufu, wanaosha vyombo, kwa zamu, na zamu iko pale pale ku mlango wa jikoni. Sombe inatwangwa jumamosi na yule mwenye zamu, si na msichana. Mkubwa alipofanya mtihani wa mwisho wa msingi alikuwa anarudia masomo jioni kama kaka yake alivyofanya baadaye, hakuna tofauti. Ku shule nilianza kuita wazazi wa wale wachelewaji, si kuwagombeza, juu mama anayebeba mizigo usiku hana nguvu ya kugombezwa, bali kuuliza kama kuko mvulana nyumbani. Mara nyingi ako. Wababa wengine walicheka, wengine walifikiri, na kuko nyumba kadhaa ambapo kaka sasa ndo anaenda bomba.

Korona nitaipita haraka. Machi 2020 shule zote zilifungwa, mwaka mpya ukaanza Oktoba, zikafungwa tena mbele ya Noeli mpaka Februari 2021. Nilibaki na wanne wangu nyumbani na wazazi mia kadhaa ku watsapu, na nilijifunza tu kwamba telefoni ya shule na telefoni ya mama lazima ziwe mbili, ya shule inazimwa saa moja jioni.

2025 ndo siwezi kuipita haraka. Waasi wa M23 waliingia Goma mwisho wa Januari, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Zile siku kabla hawajaingia, kila habari ikitoka upande wa Kavumu, kwenye kiwanja cha ndege, wazazi wanashuka mbio kuchukua watoto, wengine wanaingia mpaka mu klasi. Sisi tulikuwa na liste kwa kila klasi: huyu mtoto anachukuliwa na nani, majina mawili, na mwalimu hamtoe kwa mtu mwingine hata akilia. Tuliitengeneza baada ya Goma, juu tulisikia watoto walipotezana na wazazi. Na nyumbani vilevile: wangu wawili wa Ibanda anawachukua baba yao, akiwa kazini anawachukua kaka yangu, mkubwa anabaki mahali ako mpaka mtu afike, hakuna kutembea.

Siku moja kati ya hizo tulibaki na mtoto mmoja wa klasi ya pili. Mama yake alikuwa amevuka Ruzizi, mto wa mpaka na Rwanda, asubuhi kwenda kuuza, jina ya pili ku liste ilikuwa ya shangazi ambaye telefoni haikupita. Walimu niliwaambia waende kwa watoto wao. Nilibaki mimi na mlinzi na yule mtoto, tumekaa mu biro mbali na madirisha, na moyo yangu ilikuwa Ibanda, sitadanganya, mikono ilikuwa inatetemeka nikishika telefoni. Bwana yangu akaandika: wote watatu niko nao, na wa mwisho ako na mama. Nikaweza kupumua. Mtoto akaniuliza kama kesho aje na kaye ya hesabu ao ya Kifaransa. Nikamwambia hesabu. Mama yake alifika karibu usiku, viatu mkononi, hakuweza hata kusema, akamshika tu mtoto.

Kama ile karatasi ya jikoni haingekuwepo ningemuacha yule mtoto na mlinzi nikakimbia kwa wangu, na hakuna mama angenilaumu. Niliweza kubaki juu watoto yangu walikuwa na mtu. Ndo maana siamini watu wanaposema mwanamke achague, ao nyumba ao kiti. Nyumba iliyopangwa ndo iliniruhusu kubaki ku kiti saa ile watoto wa wengine walinihitaji.

Miezi iliyofuata ilikuwa ngumu kwa namna ingine, benki zilifungwa, walimu walikuja kufundisha bila kushika mshahara, wamama walimu walisaidiana kwa akiba ya AVEC yao, kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa, na kile kachumba cha kunyonyesha kikawa pia mahali pa kuweka sufuria ya uji kwa watoto wa walimu wasioachwa nyumbani. Sikuuliza mtu ruhusa kwa hilo.

Sasa kuko mwalimu wangu mmoja, kijana, ako na mtoto wa miezi minne, wamemuita kuwa direktrisi msaidizi wa shule ingine upande wa Bagira. Alikuja kwangu na hofu. Nilimwambia mbele ya kutia sinyatire aulize vitu: kashe inakaa na nani direkta akikosekana, mikutano inafanywa saa ngapi, na chumba gani kiko na mlango wa kufunga. Aliuliza. Saa za mkutano walizibadilisha zikaja asubuhi ya jumamosi, chumba walisema wataona. Nimemwambia asiwaache na hiyo "tutaona", aende yeye mwenyewe na mafundi mbele ya rentre, masomo hayajafunguliwa, mimi nitampa kiti.